NYIMBO ZA KUPANGA

Habari ya mpangaji na mwenye nyumba mnaijua vema. Mpangaji hulipa kila mwezi, na siku akikosa hutolewa vyombo nje, hata kama amekaa humo miaka 10. Leo twapenda kusema juu ya mpangaji wa aina nyingine, yule apangaye nyimbo.

Tulikuwa Natta, katika Wilaya ya Serengeti, siku ya harusi. Kijana aliyekabidhiwa kazi ya muziki alikuwa na simu nzuri na spika kubwa. Nyimbo zilikuwamo katika simu ile kwa mamia, au ndivyo alivyodhani mwenyewe. Saa 3 usiku, bibi arusi alipokuwa akitolewa, sauti ikakatika. Malipo ya mwezi yalikuwa yamekwisha, na salio halikutosha kulipa tena. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akaingia ndani, akatoka na redio kaseti yenye vumbi, akaipiga kofi mara 2 kama ilivyo desturi ya redio hizo, nayo ikaimba. Kaseti ile aliinunua Musoma zamani, wala tangu siku hiyo hakuna aliyepata kumdai senti nyingine kwa ajili yake.

Hapana budi tueleze jinsi biashara hii mpya inavyokwenda. Boomplay ilianza Nigeria mwaka 2015, ikaenea ikiwa imekwisha kuwekwa ndani ya simu za Tecno. Spotify, kampuni ya Sweden, ilifungua mlango wake Tanzania mwaka 2021. Mtu hulipa kwa mwezi, akafunguliwa ghala lenye nyimbo nyingi kuliko awezavyo kuzisikiliza maishani mwake. Kwa hakika jambo hilo ni la ajabu, wala hatulibezi. Lakini asiyelipa hufungiwa ghala, au huachiwa upenyo mdogo wenye matangazo mengi. Wengine husema, “Mimi nimekwisha kuzipakua, zimo katika simu yangu.” Zimo, lakini zimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko ng’ambo. Kwa Spotify, simu isipoingia mtandaoni walau mara 1 katika siku 30, nyimbo zile zilizopakuliwa hukataa kuimba. Mchungaji aendaye na ng’ombe mahali pasipo mtandao atazameje sheria hiyo?

Na kodi hupanda, kama kodi zote. Huko Marekani kampuni hiyo ilitoza dola 9.99 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikatoza 10.99, na mwaka 2024 ikatoza 11.99. Anayekataa huondoka mikono mitupu, ajapokuwa amelipa miaka mingi.

Hata kununua kwenyewe siku hizi kwahitaji macho. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilikifuta kitabu cha George Orwell, kile kiitwacho 1984, ndani ya mashine za watu waliokwisha kukilipia, kwa sababu aliyekiuza hakuwa na haki nacho. Fedha zilirudishwa, ni kweli, lakini muuza vitabu wa mjini akiingia chumbani kwako usiku kuchukua kitabu na kuacha fedha mezani, wewe utamwitaje? Google nao walilifunga duka lao la muziki mwishoni mwa mwaka 2020. Wateja walipewa muda wa kuhamisha walichonunua. Mwaka uliofuata vilivyobaki vikafutwa.

Sasa linganisheni na Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay, wakaimba, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Santuri yake iliyosalimika mpaka leo yaimba bila kuomba ruhusa ya mtu, ilimradi sindano ipo.

Hatusemi kwamba kaseti ni malaika. Ukanda hutafunwa na mashine, nasi sote twaikumbuka kazi ya kuurudisha kwa kalamu. Wala hatumsifu yule wa kibandani ajazaye memori kadi nyimbo 200 kwa fedha kidogo, ambazo mwimbaji haoni hata ndururu yake. Huo ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yasema hivyo. Twataka mtu amiliki muziki wake, na aliyeuimba alipwe jasho lake.

Hapo ndipo penye uchungu zaidi. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi wimbo usiosikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Wakubwa wa muziki huipita hesabu hiyo kabla ya chai ya asubuhi. Lakini Wanatta ni wachache, na lugha yao haisikiki mbali na Ikoma na Issenye. Tuseme mwimbaji wao atunge wimbo wa harusi, upigwe mara 900 kwa mwaka. Atapata sifuri. Mwimbaji huyo huyo angeuza nakala 50 tu mnadani kwa shilingi 2,000 kila moja, angekwenda nyumbani na shilingi 100,000. Mpiga litungu wa Tarime naye yumo katika mizani hiyo hiyo. Twawauliza wanaotuambia kwamba mtandao umemfungulia msanii mdogo soko la dunia: soko gani hilo ambalo mwenye kikapu kidogo huuza bure?

Halmashauri na shule zetu zaweza kusaidia. Kinasa sauti si mali ya matajiri tena, na wimbo waweza kuuzwa kwa flashi au kwa simu, fedha zikaingia moja kwa moja kwa mwimbaji, na mnunuzi akaondoka na nakala isiyo na kufuli.

Yule kijana wa Natta alitufuata asubuhi akiuliza kama nyimbo za kaseti ya mzee zaweza kutiwa katika simu. Tulimwambia zaweza. Hutakiwa waya wa kuunganisha redio na kompyuta, pamoja na subira, kwa maana kaseti ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Alipanda pikipiki kwenda Mugumu kuutafuta waya huo.