Maelezo Baada ya Habari: Masega ya Magari Makuukuu ya Kasi



Katika karakana za miji yetu, Buyenzi ya Bujumbura ikiwamo, mafundi wanaijua vyema kazi ya kukata masega. Gari linainuliwa, bomba la moshi linakatwa kwa msumeno, kikopo kilicho chini ya sakafu kinaondolewa, na mahali pake panaunganishwa bomba tupu. Wenye kuipenda zaidi kazi hii ni vijana wenye Toyota na Subaru za zamani zenye injini za turbo, zilizotoka Japani na usukani wake upande wa kulia, ingawa Burundi huendesha kulia. Wao husema kwamba kikopo hicho kinaibana injini pumzi. Gari likishanguruma kwa sauti kubwa zaidi, huamini kwamba limepata nguvu.

Ndani ya kikopo hicho mna kigae chenye matundu madogo mengi mithili ya sega la nyuki, kilichopakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wenye sumu ukipita humo kukiwa na joto la kutosha, sumu ya kaboni monoksidi na mvuke wa petroli isiyoungua hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa na maji, na gesi za naitrojeni hurudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Marekani ilianza kuyaweka masega hayo kwa wingi katika magari ya mwaka 1975. Kwa kuwa risasi iliyotiwa katika petroli huyaua masega, ilibidi petroli isiyo na risasi ipatikane kwanza. Afrika iliyo kusini mwa Sahara ilimaliza kuachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Kwa hiyo hoja ya wazee wa gereji, kwamba mafuta ya huku hayafai kwa masega, ilikuwa na ukweli zamani. Aidha, tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi ikiwa mojawapo, zilipokea kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni.

Je, nguvu huongezeka? Katika injini nzima yenye masega mazima, mara nyingi faida ni ndogo. Masega yaliyoziba huibana injini kweli, lakini mara nyingi kuziba huko ni dalili ya ugonjwa mwingine: pete za pistoni zimelika na oili inaungua, au plagi moja haiwaki na petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega hadi kigae kinayeyuka. Mafuta ya madumu ya magendo, yaliyoenea Burundi katika miaka ya uhaba, yakichanganywa na mafuta ya taa huweza kuleta madhara hayo hayo. Fundi anayekata masega na kuiacha injini bila kuitazama amekiondoa kipimo cha homa na kumwacha mgonjwa na homa yake.

Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama hupanda kutoka mita 800 hivi hadi zaidi ya mita 2,000, na huko juu hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kihisi kilichomo katika bomba la moshi huiarifu kompyuta ya injini, nayo hupunguza petroli ili uwiano ubaki karibu na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kihisi hicho kikikatwa nyaya au kikiachwa kining'inie, kompyuta hubahatisha, na mara nyingi humwaga petroli kupita kiasi. Katika nchi ambayo watu wamepanga foleni usiku kucha kwa ajili ya lita chache, hiyo ni hasara ya kushangaza kuilipia fundi.

Lakini mwenye gari hupita. Anayebaki ni polisi wa njia panda na askari wa kizuizi, ambao magari husimama mbele yao injini zikiunguruma. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kuuma na uzito wa akili mwishoni mwa zamu si uvivu wakati wote. Hatari kubwa zaidi ni ya dereva wa kikosi anayelala garini injini ikiwaka ndani ya banda lililofungwa; huyo huenda asiamke, hata kama masega yapo.

Baadhi ya nchi jirani zimechagua kuzuia umri: Kenya haipokei magari yaliyozidi miaka 8, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 iliweka miaka 15. Hata hivyo, umri peke yake hauonyeshi kilichokatwa baada ya gari kuingia.

Askari anayelikagua gari hahitaji mashine ili aanze kushuku. Alama mpya za kulehemu chini ya sakafu, bomba lililonyooka bila kikopo, na harufu kali ya petroli nyuma ya gari lenye injini iliyokwisha pata moto zinatosha. Kisha aitazame taa ya injini katika dashibodi: ufunguo ukizungushwa sharti iwake, na injini ikiwaka izimike. Isipowaka kabisa, huenda kuna aliyeitoa balbu yake.