Kupanga ni Kuchagua: Mtumishi wa Mbali Naye Aulizwe

Siku hizi ni vigumu kukuta chuo, shirika au idara isiyokuwa na kitabu kinachoitwa mpango mkakati. Kitabu hicho huwa na jalada zuri, dira, dhima, malengo na majedwali. Wakubwa hukizindua kwa hotuba, picha hupigwa, na nakala hupelekwa kwa wafadhili. Lakini ukimwendea mtumishi aliye kituoni, yule anayekutana na mwananchi kila siku, ukamuuliza mpango huo unasema nini juu ya kazi yake, mara nyingi atakujibu kwamba amesikia tu kuwa upo.

Leo tuzungumzie jambo hilo, na hasa katika zile taasisi ambazo kazi yake ni kuutoa ujuzi wa chuo kikuu nje ya kuta zake na kuufikisha kwa wananchi: kwa mkulima, mfugaji, mama mwenye mtoto mchanga, na mtu mzima anayejiendeleza. Taasisi kama hizi tunazo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina taasisi ya elimu ya kujiendeleza iliyoanzishwa mwaka 1988. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kimesimama juu ya vituo vya mikoani. Katika taasisi za namna hii makao makuu yana madaraka, lakini kazi yenyewe iko mbali.

Tuchukue mfano wa wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Mtumishi anayehudumia wilaya hizi anaweza kuwa leo Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, kesho akawa Basotu, na kesho kutwa akapanda kwenda Dongobesh na Haydom. Kwenye mashamba ya Wairaqw atakuta mahindi, maharage, ngano na vitunguu swaumu. Kwa Wabarabaig atakuta ng'ombe, na habari ya malisho na maji. Akiteremka Bonde la Yaeda atakutana na Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Lugha za watu hawa hazina hata undugu: Kiiraqw ni ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, na Kihadza husimama peke yake.

Mtumishi huyu anajua mengi ambayo hayamo katika jedwali lolote. Anajua ni mwezi gani barabara hupitika. Anajua siku za mnada, ambazo mkutano wa kijiji ukiitishwa hakuna atakayekuja. Anajua ni mzee gani akikubali jambo, kitongoji kizima hukubali. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuandika mpango wa miaka mitano bila kumuuliza aliyelala kitandani ni kutupa ujuzi ambao taasisi imekwisha kuulipia mshahara kwa miaka mingi.

Hasara ya pili ni uvumi. Habari kwamba makao makuu yanapanga mambo mapya haifichiki hata siku moja. Dereva aliyewapeleka wakubwa kwenye semina husikia mawili matatu. Mhasibu huona barua ya mshauri aliyekodiwa. Siku hizi simu ya mkononi huifikisha habari Haydom kabla ya waraka kusainiwa. Waswahili husema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi mtumishi huanza kuhesabu: je, kituo changu kinafungwa? Je, kazi yangu inaunganishwa na ya mwingine? Mwenye cheti kizuri huanza kutafuta kazi kwingine, akapata, akaondoka. Asiye na pa kwenda hubaki, lakini moyo wake umekwisha kuondoka. Mkulima aliyeahidiwa kutembelewa wiki ijayo hungoja mwezi mzima. Ndivyo mpango unavyoanza kubomoa huduma kabla haujaandikwa ukurasa wa kwanza.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kumjulisha mtumishi ni kumpa habari. Kumshirikisha ni kumuuliza, kumsikiliza, na kuruhusu jibu lake libadilishe kilichoandikwa. Mkuu anayewakusanya watumishi na kuwasomea mpango uliokwisha kupitishwa amewajulisha tu. Akiuita mkutano huo ushirikishwaji, watumishi watatambua mara moja, na siku ya pili atakapowauliza maoni ya kweli watanyamaza. Kwa upande mwingine, kumuuliza mtu maoni bila kumpa habari ni kumwonea. Atashauri vipi juu ya gari na mafuta ikiwa hajui bajeti ina kiasi gani?

Je, kazi hii ifanywe vipi? Kwanza, habari itangulie. Kabla ya kikao cha kwanza, kila mtumishi apate karatasi moja yenye Kiswahili chepesi, inayoeleza kwa nini mpango unatungwa, utachukua muda gani, nani ataandika, nani ataamua, na yeye ataulizwa lini. Aidha, karatasi hiyo iseme wazi ni mambo yapi hayamo katika mjadala. Ikiwa mfadhili ametangaza kwamba fedha zake zinakwisha mwaka fulani, watumishi waambiwe hivyo. Ukweli mchungu uliosemwa mapema huaminika kuliko ahadi tamu isiyo na msingi.

Pili, maswali yawe ya mtu kujibu. Ukimuuliza ofisa wa kituo dira ya taasisi iwe nini, atakupa maneno mazuri aliyoyasikia semina. Muulize ni kazi gani tunayoifanya ambayo tukiiacha hakuna mwanakijiji atakayelalamika. Muulize ni kazi gani wananchi wanaiomba kila mara nasi hatuifanyi. Muulize ni ripoti ipi anayoiandika kila mwezi na hajawahi kupata jibu lake. Hapo utapata mali ya kuandikia mpango.

Tatu, waandishi wa mpango wafunge safari. Kumwita mtu mmoja kutoka kila kituo aje hotelini mjini ni rahisi, lakini anayekuja kwa kawaida ni mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo ana yake ya kuficha. Waende Mbulu, waende Katesh, wakae na watumishi wote, pamoja na dereva, karani, mlinzi na mhudumu. Dereva anajua gari linavyotumika. Mlinzi anajua ni wananchi wangapi hufika mlangoni na kurudi bila kuhudumiwa. Na wakuu wakubali kutoka nje kwa saa moja ili wadogo waseme.

Nne, na hili ndilo husahauliwa kuliko yote, majibu yarudi. Kila lililosemwa liandikwe, kisha watumishi waelezwe: haya tumeyakubali na yameingia ukurasa fulani, haya tumeyakataa, na sababu ni hizi. Mtu mzima hakasiriki kwa kuwa shauri lake limekataliwa. Hukasirika kwa kuwa halikujibiwa.

Tano, mpango ukishapitishwa, kila kituo kitengeneze kipande chake: sisi wa Hanang mwaka huu tutafanya nini, nani atafanya, na kwa fedha ipi. Na kila baada ya miezi mitatu watu wakae watazame wamefika wapi.

Yapo mambo kama haya yaliyofanyika katika nchi yetu. Mwaka 1969, wakati Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulipoanza, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya chuo kikuu Dar es Salaam, iliandaa vipindi vya redio na vikundi vya kusikiliza ili wananchi waufahamu mpango huo. Kampeni ile iliitwa Kupanga ni Kuchagua. Ilianza kwa vikundi vichache. Mwaka 1970 ikafuata Uchaguzi ni Wako, na mwaka 1971 Wakati wa Furaha. Kila mara waandaaji walijifunza kilichokwenda vizuri na kilichokwama. Mwaka 1973 ndipo ikaja Mtu ni Afya, kampeni iliyowafikia watu wapatao milioni mbili nchi nzima.

Siri ya Mtu ni Afya haikuwa redio peke yake. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa, kwa ngazi, kutoka taifa hadi wilaya na vijiji. Kila mmoja alijua kampeni inataka nini juu ya malaria, safura na kichocho, na kazi yake ni ipi. Redio iliposema, alikuwapo mtu wa kuendeleza maneno na kuyageuza kuwa choo kilichochimbwa. Kama viongozi wale wangesikia habari siku moja na wananchi wengine, kampeni ingebaki kuwa sauti hewani.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilipitia njia hii miaka ya 1990. Baada ya misukosuko iliyofikia kufungwa kwa chuo mwezi Mei 1990, kilianzisha programu ya mageuzi na mwaka 1994 kikawa na mpango mkakati wa chuo kizima. Vitivo na taasisi zake vilitakiwa kutunga mipango yao vyenyewe chini ya ule mkubwa, na ikawekwa mikutano ya mashauriano ya kila mwaka. Mambo hayakuwa mepesi, lakini walielewa jambo la msingi: mpango wa juu usiokuwa na mipango ya chini ni paa lisilo na nguzo.

Wapo watakaosema kwamba mashauriano haya hula muda na fedha. Ni kweli. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Haydom si ya bure. Lakini gharama ya mpango usiotekelezwa ni kubwa zaidi, kwa sababu hulipwa kwa miaka mitano mizima. Wengine watasema kwamba watumishi watatetea vyeo vyao tu. Wapo watakaofanya hivyo, na wakubwa nao hutetea vyao. Dawa yake ni kuweka hoja mezani ambako wote wanaziona.

Zaidi ya hayo, jambo hili si hisani ya mkuu. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kutekeleza. Basi baraza lisiitishwe tu siku ya kupitisha bajeti. Mpango mkakati nao upite hapo ungali rasimu.

Wananchi wa Hanang wanajua vizuri gharama ya mpango uliotungwa mbali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalifunguliwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO, yaliyofikia ekari zipatazo 100,000. Wataalamu walikuwapo, matrekta yalikuwapo, na ngano ilipatikana. Lakini wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao bora, na makaburi ya wazee wao yalipitiwa na majembe ya trekta. Shauri la kijiji cha Mulbadaw lilifika hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1985 wanakijiji wakashindwa. Uchungu wa jambo lile haujaisha hadi leo. Mtumishi wa ugani anayefika Basotu kufundisha jambo jipya hukutana na kumbukumbu hiyo. Hawezi kumwambia mfugaji kwamba safari hii atasikilizwa, ikiwa yeye mwenyewe hasikilizwi na ofisi yake.

Na ajabu ni kwamba watu wa huko wana utaratibu mzuri wa kushauriana. Miongoni mwa Wabarabaig, jambo zito hupelekwa kwenye baraza la wazi, likazungumzwa mpaka watu waelewane. Wanawake nao wana baraza lao, lenye uwezo wa kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke. Hakuna anayesema kwamba kuzungumza namna hiyo ni kupoteza muda. Kinachoamuliwa pale hushikwa, kwa sababu kila mmoja alikuwapo.

Kwa hiyo, viongozi wa taasisi zinazotunga mipango yao wakati huu wajiulize swali moja kabla ya kupeleka kitabu kwa mpiga chapa: yule mtumishi wa Dongobesh, mpango huu anaujua, na je, kuna ukurasa wowote uliobadilika kwa sababu yake? Kama jibu ni hapana, kitabu kingoje. Kupanga ni kuchagua, na anayetakiwa kuubeba uchaguzi huo mgongoni kwenye matope ya masika ana haki ya kuwapo wakati wa kuchagua.