Wazee wa Listra na neno "Jitegemea"



Kama Biblia iko karibu, fungua Matendo ya Mitume sura ya 14, uanzie mstari wa 19. Paulo amepigwa mawe Listra na kuburutwa nje ya mji, watu wakidhani amekufa. Anainuka, anakwenda Derbe, kisha anafanya jambo ambalo wengi wetu tusingelithubutu: anarudi Listra. Huko yeye na Barnaba waliwatia moyo waumini, wakawawekea wazee katika kila kanisa, wakafunga na kuomba, wakawakabidhi kwa Bwana. Halafu wakaondoka. Waumini wale walikuwa wachanga katika imani na mtume wao alikuwa safarini. Walichobaki nacho ni wazee wao.

Neno la Kigiriki linalotumika hapo kwa "mzee" ndilo lililozaa jina Presbiteri. Ni kanisa lisilo na askofu, linaloongozwa na wachungaji pamoja na wazee waliochaguliwa na waumini wenyewe. Hapa Morogoro jina hilo bado ni geni kwa wengi. Tumezoea Wakatoliki, ambao mapadre wao wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika kutoka Bagamoyo miaka ya 1880, na Walutheri waliotokana na Misheni ya Berlin. Ukimtaja Mpresbiteri pale sokoni huenda ukaulizwa hilo ni kanisa la nabii gani mpya.

Si jipya. Waskoti walianza kazi Kibwezi, Kenya, mwaka 1891. Malaria iliwamaliza, na mwaka 1898 misheni ikahamia Thogoto, Ukikuyu. Thomas Watson aliyeihamisha alifariki mwaka 1900, wakati wa njaa na ndui. Mkewe Minnie alibaki akifundisha hadi mwaka 1931. Wachungaji wa kwanza Waafrika wa misheni hiyo waliwekewa mikono mwaka 1926. Leo kanisa hilo linaitwa PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, na lina sharika hata Tanzania.

Sisi Watanganyika tuliwaona Waskoti kwa mlango mwingine. Waingereza walipoingia Morogoro Agosti 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa vituoni, na walimu Waafrika wakabaki na makundi. Baada ya vita, Wapresbiteri wa Livingstonia, Malawi, waliombwa kuvisimamia vituo vya Wajerumani katika nyanda za juu kusini. Hawakukuta magofu. Walikuta watu wanasali, wanafundishana na kuzikana. Mimi huona kwamba miaka ile ya upweke ilitufundisha ukanisa kuliko miaka mingi ya kulelewa.

Basi mwaka 1971, huko Milwaukee, Marekani, Mchungaji John Gatu, aliyekuwa Katibu Mkuu wa PCEA, alisimama mbele ya wenyeji wake akawaomba wasimamishe kupeleka wamisionari na fedha kwa muda usiopungua miaka mitano. Hebu mfikirie. Amealikwa na wafadhili, nao ndio wanaomsikiliza, naye anawaambia wafunge mkono. Wengi walikasirika, hata ndani ya Afrika, maana mishahara ya watu ilikuwa humo. Yeye hakuwa na chuki na Wazungu. Alitaka kanisa lijue linaweza kusimama kwa miguu yake. PCEA ikashika kaulimbiu ya neno moja tu, na ni la Kiswahili: Jitegemea. Sisi tuliokulia chini ya Azimio la Arusha la 1967 tulilisikia neno hilo shuleni mpaka likatuchosha.

Lakini Uluguru ingeweza kumfundisha Gatu jambo pia. Waulize wazee wa Matombo kuhusu mwaka 1955. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kukata milima kuwa ngazi pana ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa njema, hilo tukubali. Ila ngazi zile zilifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakadumaa. Waluguru walikuwa na namna yao: vijituta vyembamba vinavyokata mteremko, majani yakifukiwa ndani yawe mbolea. Hakuna aliyewauliza. Julai ya mwaka ule watu walikusanyika kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mradi ukafa naye.

Nimeliwaza hilo kila ninapoona msingi wa kanisa uliosimama miaka mingi, nyasi zikiota kati ya matofali, kwa sababu "mfadhili bado hajajibu". Ramani ilichorwa na nani? Nani aliulizwa kama tunahitaji ukumbi wa watu mia nane, wakati mabenchi tuliyonayo hayajai?

Usinielewe vibaya. Kupokea si dhambi. Paulo huyohuyo alichangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na ukisoma 2 Wakorintho 8 utaona kwamba waliotoa kwa moyo zaidi ni Wamakedonia, waliokuwa maskini wenyewe. Waliomba wapewe nafasi ya kutoa! Kanisa linaloweza kutoa linaweza pia kupokea bila kuinama. Lile linalopokea tu ndilo linalonitia hofu, maana siku mgeni akikaa kimya hata mahubiri hupoa.

Leo baada ya ibada, kabla hujaenda kwenye chai, mshike mkono mzee wako wa kanisa umuulize mambo mawili: paa litagharimu kiasi gani, na mara ya mwisho hesabu zilisomwa mbele ya washarika lini. Usimuulize kwa ukali. Naye huenda anasubiri mtu aulize.