Pikapu Kuukuu ya Dizeli na Trela Nzito: Anza na Breki, Nguvu Baadaye

Je, wajua kwamba katika pikapu nyingi kuukuu za dizeli, mkanda wa feni ukikatika, breki nazo huwa ngumu? Injini ya petroli hupitisha hewa kwenye mlango unaofunguka na kufungika kwa mguu wa dereva, na hewa inapobanwa hapo huacha ombwe ambalo busta hulitumia kuzidisha nguvu ya mguu kwenye breki. Dizeli ya zamani haina mlango huo. Inavuta hewa tele wakati wote, kwa hiyo haina ombwe la kuigawia busta. Katika Isuzu na Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, tatizo hilo lilitatuliwa kwa kufunga pampu ndogo ya ombwe mgongoni mwa altaneta, inayolainishwa na oili ya injini kupitia mpira mwembamba. Altaneta inazungushwa na mkanda, na huohuo ndio unaozungusha feni na pampu ya maji. Ukikatika mteremkoni, kuchaji kunakoma, kupoza kunakoma, na busta inabaki na akiba ya kukanyaga breki mara moja au mbili tu.

Jambo hilo linamhusu kila mwenye pikapu Thika na Ruiru anayefikiria kufunga trela nzito kuliko ile aliyoizoea. Na wako wengi. Ruiru mashamba ya kahawa yanaendelea kugeuka mitaa ya nyumba za kupanga, na kila jengo linataka maji, mchanga, mawe na mashine ya kuchanganya zege. Huku Thika kuna viwanda, na nyuma ya mji kuna migongo ya Gatanga na Kandara inayotaka nyasi kavu za ng'ombe, mbolea na mashine za shambani. Trela inayovutwa na pikapu inaingia pale ambapo lori haliwezi kugeuka.

Pikapu hizi kuukuu bado zipo kwa sababu. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8, kwa hiyo pikapu ya miaka 25 unayoiona leo aghalabu imeishi sehemu kubwa ya maisha yake hapahapa. Nyingi ziliunganishwa nchini: za Isuzu zilitoka kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa na General Motors miaka ya 1970 na ambacho tangu 2017 kinaitwa Isuzu East Africa. Thika yenyewe ina kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza muongo huohuo kikiitwa Leyland Kenya. Vipuri vinapatikana, mafundi wanazijua, na zina sifa moja isiyochakaa: zinavuta kwa upole.

Uvutaji huo una chanzo chake. Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni hubana hewa hadi sehemu moja ya kumi na nane, au hata ya ishirini na mbili, ya ukubwa wake wa kwanza, na hewa hiyo hupata joto la nyuzi 500 na zaidi. Mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Nguvu kubwa ya kuzungusha hupatikana mapema, kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ndiyo maana pikapu ya dizeli inaweza kuondoka na mzigo bila kelele za injini na bila kuunguza klachi.

Skrubu inayoshawishi

Mtu akisema trela mpya inamshinda, shauri la haraka analopewa ni kufungua pampu ya dizeli kidogo. Kwenye pampu hiyo kuna skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta, na kuikaza robo mzunguko kunaongeza dizeli katika kila mpigo. Gari linaamka kweli. Lakini Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hapo kila lita ya hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa. Pampu ya kawaida isiyo na kifaa cha kusoma mwinuko haijui hilo. Inatia mafuta yaleyale iliyopangiwa. Maana yake ni kwamba injini isiyo na turbo, ikifika Thika, tayari inalishwa kupita hewa iliyo nayo.

Ukiongeza mafuta juu ya hapo, yale yasiyopata oksijeni hutoka kama moshi mweusi, nao ni kaboni isiyoungua. Mengine huchelewa kuungua, na joto lake linapanda kwenye eksozi na kwenye vichwa vya pistoni. Pistoni ni za aloi ya alumini, na alumini hulainika mapema sana kuliko chuma. Kwenye barabara tambarare dereva hatasikia kitu. Akiwa na tani mbili nyuma yake kwenye mlima mrefu, gasketi ya silinda hedi itakuwa ya kwanza kumwambia.

Kwa hiyo maandalizi yana mpangilio, na mpangilio huo unaanzia nyuma ya trela ukija mbele: kusimama kwanza, kisha kushikamana, kisha kupoza, na nguvu mwisho.

Kusimama

Chukua mfano wa trela ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Mtu aliyekuwa akivuta tangi la lita 1,000 kwenye trela ya kilo 300 anataka sasa la lita 1,500 kwenye trela ya kilo 500. Pikapu yake na vitu vyake ina kilo 1,800. Uzito wote unatoka kilo 3,100 hadi 3,800.

Akiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kusimamisha kilo 3,800 kunatoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita tatu za maji baridi ya chai. Joto hilo lote linaishia kwenye diski, ngoma na pedi ndani ya sekunde chache, na katika foleni za Barabara ya Thika linarudiwa mara kwa mara kabla vyuma havijapoa. Akipanda hadi kilomita 100 kwa saa, joto la kusimama mara moja linaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu nishati hukua kwa mraba wa mwendo. Hakuna kipuri kinachofanya kazi kubwa ya usalama kuliko mguu ulioinuliwa kwenye mafuta.

Ndiyo sababu trela ya uzito huu lazima iwe na breki zake. Uingereza na nchi za Ulaya haziruhusu trela ya zaidi ya kilo 750 bila breki. Aina rahisi kwa pikapu ni ile inayojifunga yenyewe: pikapu ikipunguza mwendo, trela inasukuma mbele, na msukumo huo kwenye shingo ya trela huvuta waya unaofunga breki za magurudumu yake. Haihitaji umeme wala ombwe. Inachohitaji ni grisi shingoni, waya usio na kutu, na fundi wa kuirekebisha.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya pikapu nyingi, karibu na ekseli ya nyuma, kuna valvu ya breki iliyounganishwa kwenye ekseli kwa fito ndogo ya chuma. Gari likiwa tupu, mwili wake unakaa juu, fito inainamia upande mmoja, na valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasiburuzike. Gari likilemewa, mwili unashuka na valvu inafungua. Sasa mwenye gari anaongeza majani mawili ya springi ili lisiiname. Mwili unabaki juu hata chini ya mzigo, valvu inasoma kwamba gari ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati zinapohitajika zaidi. Kila anayeongeza springi aipange upya fito hiyo siku hiyohiyo.

Kushikamana

Chuma cha kuvutia trela kifungwe kwenye mihimili yote miwili ya chesi kwa boliti, si kwenye bampa. Kuchomelea kwa welding kukata upana wa mhimili kunalegeza chuma kilichoandaliwa kiwandani, na ufa huanzia pembeni mwa mchomo. Tazama vichwa vya boliti. Boliti ya kazi hii ina namba zilizopigwa kichwani: 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 inaeleza mkazo wa kuikata, kwa megapaskali. Ya pili inaeleza ni sehemu gani ya mkazo huo itastahimili kabla ya kurefuka moja kwa moja. Kichwa kisicho na namba ni cha kufungia geti.

Uzito unaokaa kwenye tufe la kuvutia nao una kanuni. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela inatosha: kilo 200 kwa trela ya tani 2. Ukiwa mdogo mno, trela inaanza kuyumba huku na huku kila lori linapoipita. Ukiwa mkubwa mno, pikapu inainua pua. Tufe likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, na ekseli mbili zikiwa zimeachana mita 3, kilo hizo 200 zinaitwika ekseli ya nyuma kilo 280 na kuinyang'anya ya mbele kilo 80, na magurudumu ya mbele ndiyo yenye usukani na sehemu kubwa ya breki. Tangi la maji lijazwe au liachwe tupu, au liwe na kuta ndani, kwa maana maji ya nusu tangi hukimbilia mbele unapofunga breki na kurudi nyuma unapoondoka.

Tairi zisomwe ubavuni. Maandishi 106/104 yanamaanisha tairi moja inabeba kilo 950, au 900 zikiwa mbilimbili upande mmoja. Namba nne kwenye kiduara ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019. Mnyororo wa usalama ufungwe, taa za trela ziwe za volti 12, maana za lori ni volti 24 na zitawaka hafifu, na trela iwe na namba yake ya usajili inayoanza na herufi Z.

Kupoza

Takriban theluthi moja tu ya nishati ya dizeli inafika kwenye gia. Nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya inayobaki hubebwa na maji hadi kwenye rejeta. Hapa mwinuko unarudi tena: Thika maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini yenye mzigo hupita hapo kirahisi, na kinachoiokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko chenye alama ya 0.9 hubana maji kwa shinikizo linalosogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 115 hivi. Raba yake ikichoka, nyuzi 20 za usalama zinapotea kwa sababu ya kipande cha bei ndogo.

Thamostati nayo isitolewe. Bila yake injini hufanya kazi ikiwa baridi siku nzima, dizeli haiungui vizuri, na silinda zinalika. Rejeta ioshwe mapezi kutoka upande wa injini kuelekea mbele ili mbegu za nyasi na vumbi vitoke vilikoingilia, na mkanda ubadilishwe kabla nyufa zake hazijafika kwenye nyuzi.

Nguvu, mwisho

Sasa ndipo uulize kama injini inatosha. Kupandisha kilo 3,800 kwenye mlima unaopanda mita 6 kwa kila mita 100, kwa kilomita 40 kwa saa, kunataka kilowati 32 hivi magurudumuni. Injini ya Isuzu ya lita 2.5 isiyo na turbo ina kilowati zisizofika 60 kwenye karatasi. Toa za mwinuko na za msuguano wa gia, zinabaki arobaini na kitu. Inatosha. Kwa kilomita 60 kwa saa mlima huohuo unadai zaidi ya kilowati 50, nazo hazipo. Jibu ni gia ya chini, injini ikizunguka kwa uhuru na feni ikipuliza kwa kasi. Usafishaji wa injekta, chujio jipya la hewa na valvu zilizopimwa hurudisha nguvu iliyopotea kwa uzee, na hiyo ni nguvu isiyo na joto la ziada.

Turbo inaweza kurudisha oksijeni ambayo mwinuko umeichukua, lakini inaongeza shinikizo na joto kwenye injini ambayo haikuundiwa hayo. Atakayeifunga aweke na kipima joto cha eksozi.

Kabla ya yote, pitisha pikapu na trela iliyojaa kwenye mizani ya malori na ulinganishe na kibao cha mtengenezaji. Springi hazibadilishi kibao hicho, wala turbo. Ikiwa uzito unakizidi, mzigo huo ni wa lori dogo la tani tatu, na kulikodi kwa siku moja ni nafuu kuliko kufungua silinda hedi.