Gia ya Injini ya Boti Inapogoma: Tuchunguze Kwanza, Tulipe Baadaye

Katika vyama vyetu vya wavuvi, injini ya kupachika ni miongoni mwa mali za thamani kubwa kabisa. Aghalabu hununuliwa kwa mkopo, nayo huendelea kulisha chama miaka mingi baada ya mkopo huo kwisha. Si aibu chama kuwa na injini kuukuu. Aibu ni kuitengeneza kwa kubahatisha.

Katika ukaguzi wa hati za malipo, gharama moja hujitokeza mara kwa mara: "matengenezo ya gia". Hati haisemi ni kifaa gani kilichoharibika, ni nani aliyekichunguza, wala kama kile cha zamani kilirudishwa chamani. Pengine nahodha huwa amekwisha kukatwa sehemu ya mgawo wake kwa tuhuma ya kuvunja gia. Makala hii imekusudiwa kumwezesha Katibu kuuliza, nahodha kujibu, na Bodi kuamua kwa haki.

JINSI GIA INAVYOFANYA KAZI

Katika injini nyingi za kupachika, sehemu ya chini izamayo majini ina gia tatu. Gia ndogo imefungwa kwenye ncha ya shafti iteremkayo kutoka juu. Hiyo huzungusha gia mbili kubwa zinazoelekeana: moja ya kwenda mbele, nyingine ya kurudi nyuma. Gia hizi tatu zimeumana daima, nazo huzunguka wakati wote injini inapowaka, hata kama boti imetulia.

Katikati ya zile gia mbili kubwa kuna kipande chenye meno manene, ambacho mafundi hukiita klachi. Kipande hicho huteleza juu ya shafti ya rafadha, ambayo wengi huiita propela. Kikisukumwa mbele hushikana na gia ya mbele. Kikivutwa nyuma hushikana na ya rivasi. Kikikaa katikati bila kugusa upande wowote, injini huwa huru.

Basi tunapobadili gia, tunachosogeza ni klachi hiyo peke yake. Nguvu ya mkono wa nahodha huifikia kwa kupitia mkono wa gia, viungo vyake na fimbo inayoteremka ndani ya mguu wa injini. Penye usukani wa mbali, huongezeka waya mrefu wa gia. Hitilafu inaweza kuwa popote katika njia hiyo. Kanuni ya kwanza, kwa hiyo, ni kuanza kuchunguza nje na kumalizia ndani, kwa kuwa ya nje ni rahisi na ya ndani ni ghali.

Kabla ya kugusa rafadha kwa mkono, injini izimwe na nyaya za plagi zichomolewe. Injini yenye gia ikizungushwa kwa rafadha inaweza kuwaka na kukata vidole.

HITILAFU NA DALILI ZAKE

1. Gia ni nzito au haiingii. Ikiwa injini imezimwa, pengine meno yamekutana ncha kwa ncha. Zungusha rafadha kidogo kwa mkono huku mwenzako akisukuma mkono wa gia polepole, usitumie nguvu. Ikiwa uzito upo hata injini inapowaka, zima, kisha ondoa waya wa gia mahali unapofungwa kwenye injini, na usogeze kiungo cha gia kwa mkono. Kikienda kwa wepesi, ubovu uko kwenye waya. Hali hiyo ni ya kawaida sana pwani, ambako chumvi hula waya ndani ya ganda lake. Waya uliooza hubadilishwa. Kuumiminia oili ni kuahirisha tatizo. Kikiwa bado kizito, safisha viungo vyote, vipake grisi, na ukague pini na bushi zake. Hayo yakishafanyika bila mafanikio, ndipo fundi afungue sehemu ya chini.

2. Gia huingia kisha huchomoka. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Nahodha apitaye mlango wa mwamba huko Kilwa au Mafia, au arudiye Ukerewe katika mawimbi makubwa, akipoteza gia ghafla boti hugeuka ubavu kwa wimbi. Kwanza hakikisha kwamba mkono wa gia unafika mwisho wa safari yake. Waya uliolegea au fimbo iliyofungwa fupi huifanya klachi ishike nusu tu. Kosa hili huweza kutokea baada ya sehemu ya chini kufunguliwa na fimbo kurudishwa bila kupimwa. Ikiwa urefu ni sawa na gia bado huchomoka chini ya mzigo, basi ncha za meno ya klachi zimelika na kuwa mviringo. Meno hayo hayanolewi. Klachi hubadilishwa, na gia inayoshikana nayo hukaguliwa papo hapo. Boti yenye hitilafu hii isitoke.

3. Injini hunguruma lakini boti haiendi. Wengi hapa huilaumu gia bila sababu. Injini ndogo za zamani zina pini ya rafadha, iliyowekwa ili ivunjike badala ya gia pale rafadha inapogonga mwamba. Injini nyingine zina bushi ya mpira ndani ya kitovu cha rafadha. Mpira huo ukichoka, kitovu huzunguka na mapanga hubaki nyuma, hasa mafuta yanapoongezwa. Kipimo chake ni hiki: chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kitovu cha ndani hadi kwenye mwili wa rafadha, kisha iendeshe boti ikiwa na mzigo. Mstari ukiachana, bushi imekwisha, na gia haina hatia.

4. Boti hutembea ingawa gia iko huru. Mara nyingi waya au fimbo haikurekebishwa sawasawa, hivyo klachi haikai katikati. Zima injini, weka gia huru, na uzungushe rafadha: inapaswa kuzunguka kwa wepesi pande zote mbili.

5. Injini huinuka majini inapowekwa rivasi. Angalia ndoana inayoishika injini isiinuke. Ikilika au chemchemi yake ikikatika, rivasi haitafaa kitu, ijapokuwa gia ni nzima.

OILI NDIYO SHAHIDI

Kabla ya kufungua gia, fungua skrubu ya chini na umwage oili kidogo katika chombo safi. Oili nyeupe kama maziwa huonyesha kwamba maji yameingia kupitia sili. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni ushahidi kwamba gia au klachi imevunjika. Oili mpya hujazwa kutoka tundu la chini hadi itokee tundu la juu bila mapovu. Kisha tundu la juu hufungwa kwanza, la chini baadaye. Kwa kawaida oili hii hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi au miezi 6. Isichanganywe na ile inayotiwa katika petroli.

DESTURI YA NAHODHA

Gia ibadilishwe injini ikiwa katika mwendo wake wa chini kabisa, na mkono usukumwe kwa haraka na kwa uthabiti. Anayesukuma polepole kwa kudhani anaihurumia injini husaga ncha za meno kila siku. Tena, asitoke mbele kwenda rivasi boti ikiwa bado inakimbia.

WAJIBU WA KATIBU

Ndugu Katibu, fungua daftari moja la injini. Andika tarehe ya kubadili oili na hali yake, dalili alizoziona nahodha, vipimo vilivyofanywa na jina la aliyevifanya. Usiidhinishe malipo ya klachi, gia au sehemu nzima ya chini kabla ya kuona matokeo ya vipimo hivyo na kupokea kifaa cha zamani, kikaonyeshwa mbele ya Bodi. Klachi iliyolika inajieleza yenyewe mezani.

Na mgawo wa nahodha usikatwe kabla sababu haijajulikana. Waya ulioozeshwa na chumvi na bushi iliyochakaa kwa miaka si makosa ya mtu. Ni gharama za kazi, na za chama zima. Nahodha anayejua kwamba hatahukumiwa kwa dhana atatoa taarifa ya gia nzito mapema, boti ikiwa ingali ufukweni.