Kidonge Baada ya Sala ya Asubuhi

Juni na Julai, miezi ya baridi, ndipo tunaitwa usiku mara nyingi kumwombea mtoto mwenye SS, ugonjwa ambao madaktari wanauita drepanositozi. Si uchawi wa kambo. Unatoka kwa baba na mama wote wawili. Baridi, homa na kukosa maji mwilini hufanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mtoto analia kwamba mifupa inamuuma.

Hapa Kasumbalesa wazazi wengi wanatoka alfajiri kwenda mpakani, na dawa inabaki bila mwenyewe. Kwa hiyo tunashauri itolewe wakati ambao nyumba nzima inakutana: kwenye sala ya asubuhi. Mkisema amina, mtoto apate asidi foliki yake na dawa nyingine aliyoandikiwa, mbele ya wote. Mama akiwa Lubumbashi, dada mkubwa ajue, na baba pia ajue. (Akina baba wengi hawajui hata rangi ya kile kidonge.) Kisha chupa ya maji ya shule. Mwalimu aambiwe kwamba mtoto huyu anakunywa sana na kukojoa sana, asimkataze kutoka. Akilowesha kitanda asichapwe, kwa maana figo zake hazishiki maji vizuri. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu. Hata ubatizo wa mtoni, kijana mwenye SS tunamngojea mwezi wa kumi, joto likirudi.

Sasa neno gumu. Sisi wachungaji tumekosa. Tumewaacha watoto hawa wafunge bila maji pamoja na wakubwa. Tumewakesha kwenye baridi. Tumemsifu mama aliyetupa vidonge, tukasema ana imani. Mtoto mmoja alikuwa na homa tangu siku ya kwanza ya maombi. Alifikishwa hospitali siku ya tatu, na wiki ileile tulimzika.

Someni 2 Wafalme 20. Hezekia alikuwa amekwisha kuahidiwa miaka 15 zaidi, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Hakuna aliyemwambia nabii kwamba amepungukiwa imani.

Mtoto wa SS akipata homa, msingoje kesha liishe. Mpelekeni hospitali usiku uleule, na mtuite. Tutaomba njiani.