Sikio Moja na Muziki wa Pande Mbili



Baadhi yenu mlinisikia mwezi uliopita nikilalamika, mbele ya mahali tunapofungia mizigo pale Sanyuanli, kwamba mpwa wangu aliyeko Mombasa ameniharibia kaseti ya arusi ya dada yangu. Leo nataka kumwomba radhi kijana huyo mbele yenu nyote mlionisikia, kwani kaseti ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kitu kingine, na jambo hilo nimeliona lafaa kuandikwa, maana naamini simo peke yangu humu Baiyun mwenye shida hii.

Kaseti yenyewe ni ya mwaka 1994. Marehemu kaka yetu alikuwa na kinasa sauti chenye matundu mawili ya maikrofoni. Moja akaitundika barazani karibu na wapiga taarabu, ya pili akaipitisha dirishani hadi ndani walikokaa kina mama. Kwa miaka mingi tuliisikiliza kaseti ile kwa redio kubwa ya sebuleni yenye spika mbili, na kila tulipofika mahali fulani pa upande wa kwanza, sauti ya marehemu mama yetu husikika waziwazi akiongoza wenzake kuitikia, kisha akicheka. Hiyo ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo.

Basi mpwa wangu akaihamishia katika simu na kunitumia. Nikaisikiliza usiku kwa visikizio vya masikioni, kwani kuta za jengo letu ni nyembamba na jirani huamka alfajiri kwenda sokoni. Nikaisikia fidla, udi, kanuni na dumbak, kila kimoja kwa uzuri wake. Mama hakuwamo. Nikarudia mara tatu. Nikampigia kijana simu, kwao ikiwa ndiyo kwanza magharibi imepita, nikamwambia maneno ambayo mjomba hapaswi kumwambia mpwa wake. Naye akajibu kwa adabu, "Mjomba, nyanya yumo. Namsikia hivi sasa."

Asubuhi yake binti yangu alivichukua vile visikizio, akasikiliza kidogo, akanitazama. Kisha akakichukua kile cha kulia akanitia katika sikio la kushoto. "Haya, baba, sikiliza sasa." Mama akaingia, na taarabu yote ikatoweka.

Wanaonijua wanajua kwamba sikio langu la kulia halisikii tangu mwaka 2019. Lakini muda wote huo sikuwa nimetambua kwamba linanipokonya muziki. Taarifa ya habari, mawaidha na mazungumzo ya simu, vyote hivyo aghalabu huja sawasawa pande zote mbili, hata mwenye sikio moja hapungukiwi na neno. Muziki wa stirio hauko hivyo. Humo yapo mambo yaliyowekwa kushoto tu na mengine kulia tu, na mwenye kuvaa visikizio na sikio moja hupata nusu ya karamu bila ya kujua kwamba kuna sinia ya pili.

Naomba nieleze kidogo jinsi mambo haya yanavyofanya kazi. Mwanadamu hujua sauti inatoka wapi kwa sababu ana masikio mawili yaliyotengwa na kichwa. Sauti inayotoka kulia hufika sikio la kulia kwanza, na la kushoto baadaye. Tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, nayo ubongo huipima. Tena sauti nyembamba, kama za nyuzi za kanuni, huzuiwa na kichwa kama jua linavyozuiwa na ukuta, zikafika upande wa pili zikiwa hafifu. Sauti nene, kama za ngoma, hukizunguka kichwa na kufika karibu sawa. Kwa hesabu hizo mbili mtu husema, "Mlio ule uko kule," bila ya kugeuka. Mwenye sikio moja hesabu hizo hana. Nilipofika Guangzhou mara ya kwanza mwaka 2003, uwanja wa zamani wa Baiyun ulikuwa bado ukitumika (ulifungwa mwaka 2004, uwanja mpya ulipofunguliwa kaskazini), na ndege zilipita chini juu ya mapaa yetu. Nilijua kila moja yaenda upande gani kabla ya kuiona. Siku hizi pikipiki ya umeme ikinipigia honi katika kichochoro, mimi husimama tu palepale nikamwachia dereva anikwepe.

Stirio ni ujanja wa kuzihadaa hesabu hizo. Katika maonyesho ya umeme ya Paris ya mwaka 1881, Mfaransa Clément Ader aliwasikilizisha watu opera kwa simu mbili, moja kwa kila sikio, wakahisi kwamba waimbaji wanatembea jukwaani mbele yao. Miaka 50 baadaye, Desemba 1931, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliwasilisha hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kunasa na kutoa sauti kwa njia mbili. Santuri za stirio zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo karibu santuri zote zilikuwa za njia moja. Santuri za Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia mwaka 1928, ni za njia moja. Mwenye sikio moja na mwenye mawili wanapata maneno yaleyale na ala zilezile. Nakiri kwamba habari hiyo imenifariji kuliko nilivyotazamia.

Kuna na Mmarekani mmoja, Brian Wilson wa kikundi cha Beach Boys, aliyefariki Juni 2025. Sikio lake la kulia lilikuwa karibu limekufa tangu utotoni. Santuri yake mashuhuri ya mwaka 1966, Pet Sounds, aliichanganya kwa njia moja, na watu wakangoja hadi mwaka 1997 kuipata yote kwa stirio halisi. Mtu ambaye mwenyewe hakuweza kusikia kushoto na kulia aliipanga sauti juu ya sauti, ala juu ya ala, na mafundi wenye masikio yao yote mawili wakaja kujifunza kwake.

Hata mji huu wetu una kisa chake katika jambo hili. Wale waliokuwa wakinunua VCD watakumbuka kwamba filamu nyingi za Hong Kong zilikuwa na Kikantoni katika njia moja na Kichina cha serikali katika njia ya pili, na ukisahau kuchagua, wahusika huzungumza lugha mbili kwa pamoja. Diski za karaoke nazo ziliwekwa ala peke yake upande mmoja, na upande wa pili ala pamoja na mwimbaji. Laiti ningalikumbuka kisa hicho usiku ule, nisingalimgombeza mtoto wa watu.

Sasa nieleze jinsi sikio lilivyokwenda, maana hapa pana funzo ambalo nililipia ghali.

Nilikuwa nimerudi kutoka nyumbani kwa ndege. Siku mbili baadaye niliamka sikio likiwa kama limezibwa kwa pamba, na ndani yake mvumo kama wa jokofu. Nikasema ni hewa ya ndege. Kisha nikasema ni nta. Nikatiwa mafuta ya vitunguu thaumu yaliyopashwa moto, kama tulivyokuwa tukitiwa utotoni. Kulikuwa na kontena la kufungwa, na kontena halingoji sikio. Nilikwenda hospitali katika wiki ya tano. Daktari alinipima kwa mashine, akazungumza kwa muda mrefu, na aliyenitafsiria alikuwa binti yangu, wakati huo ana miaka kumi. Aliniambia, "Baba, daktari anasema sikio limelala." Nikafurahi, kwani kilicholala huamka. Mwaka uliofuata rafiki mmoja anayesoma udaktari hapa alinisomea ile karatasi, nikajua kwamba daktari hakusema hivyo. Alikuwa amesema kwamba mshipa wa fahamu wa sikio umeathirika, na kwamba wakati mwafaka wa dawa umepita. Mtoto alilijua hilo mwaka mzima akalibeba peke yake. Sikumlaumu. Ila tangu siku hiyo, ndugu zangu, mimi siendi hospitali na mtoto kuwa mkalimani wangu, na nawasihi nanyi msifanye hivyo.

Maradhi haya, yaani uziwi wa ghafla wa mshipa wa fahamu, hutokea kwa saa chache au siku tatu, karibu kila mara katika sikio moja, na mara nyingi sababu yake haijulikani. Wapo wanaopona wenyewe, wote au nusu. Dawa inayotumika zaidi ni ya steroidi, ya kumeza au ya kupigwa sindano kupitia kiwambo cha sikio, na nafasi yake nzuri ni siku za mwanzo, hususan ndani ya wiki mbili. Iko namna ya kujijaribu inayofanana na ile ya madaktari ya kuweka uma wa chuma unaolia katika paji la uso: funga mdomo uvume "mmm". Mvumo ukisikika zaidi katika sikio lililoziba, huenda ni nta au maji. Ukikimbilia sikio zima, inaelekea ni mshipa wa fahamu, nawe usingoje kesho. Kwa vyovyote vile nenda. Jaribio hili halimtoshelezi daktari. Idara ya masikio, pua na koo hapa huitwa er bi hou ke. Andikeni maneno hayo mahali.

Kwa watoto liko jambo la pili. Perema, ambayo wengine huiita matubwitubwi, yaweza kuua sikio moja la mtoto kimyakimya, na wazazi wasijue mpaka siku atakapoweka simu katika sikio lile. Chanjo za kawaida za serikali za Kenya na Tanzania ni za surua na rubela, perema haimo. Chanjo ya Uchina inayo zote tatu. Basi mtoto aliyeletwa kutoka nyumbani na kadi yake kamili huenda bado hajakingwa na perema. Ulizeni mnapomwandikisha shule.

Tukirudi kwenye muziki, dawa yake ni rahisi hata naona haya. Simu nyingi za leo, katika mipangilio ile iliyotengwa kwa wenye ulemavu, zina kitufe cha kuunganisha njia mbili ziwe moja. Ukikiwasha, vyote vya kushoto na kulia huja katika kila kisikizio. Binti yangu alikipata kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumgombeza mpwa. Nyumbani, anayesikiliza kwa spika hana hasara kubwa, kwa sababu sauti ya spika zote mbili husambaa chumbani na kulifikia sikio moja. Aziweke karibu karibu, akae sikio zima likizielekea. Lakini msije mkaunganisha nyaya za spika za kushoto na kulia nyuma ya mtambo mkidhani mnapata sauti moja. Mtaunguza mtambo, na fundi wa hapa atawauzia mpya kwa furaha.

Upana ule wa stirio, wa fidla kukaa kule na ngoma kule, haurudi kwa kitufe. Viko vifaa vyenye maikrofoni upande uliokufa ambavyo hupeleka sauti katika sikio zima; vinasaidia mazungumzo, lakini havikuambii sauti yatoka wapi. Upo na upasuaji wa kutia kifaa ndani ya sikio, ambao Marekani ilianza kuuidhinisha kwa wenye uziwi wa sikio moja mwaka 2019. Bei yake mimi sijathubutu kuuliza.

Linalonisumbua zaidi si muziki. Ni salamu. Ndugu hunipita upande wa kulia akanitolea salamu, nisiitike, akaenda zake akisema fulani amepata kontena mbili sasa hatujui tena. Katika arusi za ukumbini, panapokuwa na kelele, huitikia kwa kichwa mambo ambayo sijayasikia. Mwaka jana nilikubali hivyo kuchangia ng'ombe mzima. Nililipa.

Mpwa wangu amenisamehe. Kaseti sasa naisikiliza kwa njia moja, mama na wapiga taarabu wote katika sikio langu la kushoto, ilhali siku ile ya arusi kulikuwa na ukuta kati yao. Nanyi mkinikuta Sanyuanli, tafadhali nijieni upande wa kushoto.